Kwa Urefu Wake

Kwanza naisikiliza.
Bunduki ya upepo hueleza ugonjwa wake yenyewe:
ikilia *twaang*, kama sufuria iliyoangushwa ngazini,
springi inacheza ndani, haina wa kuishika kiuno;
ikikohoa moshi wenye harufu ya chemli,
kuna mtu amemimina mafuta ya cherehani silindani
akidhani mafuta ni dua, yakizidi yanakubaliwa upesi.

"Ni wewe, Mselem?"
"Wallahi si mimi. Ni yule kijana."
Kila mwaka ni yule kijana.

Zimekuja nne, zimevingirishwa mkekani,
siku kumi na moja kabla ya Idi,
hapa kwangu Kibokoni, baina ya feni lililokatika shingo
na cherehani ya Bi Nargis, isiyolipiwa tangu Rajabu.

Naibana ya kwanza kwenye jiriwa. Polepole.
Chuma kilichokunjwa hakina rafiki:
Fundi Famau, aliyenifunza, alitafunia upande mmoja
kwa haraka ya alasiri moja tu.
Nalegeza uzi baada ya uzi, nachomoa pini,
na springi inatoka ikipumua,
fupi kuliko mwaka jana kwa upana wa kidole.
Wameiacha imekokiwa usiku kucha.
Imechoka kungoja. Nani asiyechoka?

Pistoni naivua kofia yake ya ngozi,
imekauka kama ganda la ndimu juani.
Nyingine naikata kwenye kubadhi la marehemu mke wangu,
la kushoto. La kulia lilikwisha mwaka juzi.
Nailoweka, naisugua kwa kitako cha kikombe
mpaka iingie silindani kwa kusitasita,
kama mgeni apigaye hodi naye keshavua viatu.
Grisi nyeusi, kwa ncha ya njiti ya kibiriti.
Ikizidi, bunduki husinzia.
Natia risasi, maana tupu haifyatuliwi,
hujipiga kichwa ukutani ikafa.
*Tap.*
Kopo la biskuti limefungwa. Imepona.

"Na yale mambo yetu," anasema Mselem, akitazama mlangoni.
Yale mambo ni jicho la nyuma:
nilisukume kushoto upana wa punje ya mchele
ili kule Makadara, hatua nane tu,
puto libaki puto, shilingi ihame mfuko.
Nimelisukuma miaka sita.
Mbele ya vyuma sisemi uongo.

Lakini Idi iliyopita nilisimama kando ya mwenye mabuyu.
Akaja mtoto wa kike, hina mpaka vifundoni,
akaitoa noti yake yote ya Idi kwa risasi tano.
Alilenga, jamani, alilenga!
Shavu kalilaza kitakoni, pumzi kaizuia,
kidole kinabembeleza, hakivuti.
Tano zote zikala mbao.
Akairudisha bunduki kwa adabu, akamwambia kakake,
"Macho yangu mabovu."
Akaenda akiyafikicha mpaka lango la nje,
nami ninaye mdomoni bonge la buyu,
silimezi, silitemi.

Basi usiku nimezipima uani, moja moja,
kwenye kifuniko cha kopo la maziwa,
nukta ya wanja katikati.
Ya kwanza, nukta. Ya pili, nukta.
Ya tatu ilinisumbua hadi adhana ya alfajiri.
Ya nne, nukta.

Mselem alizichukua. Hakuuliza, sikusema.
Alilipa nusu, nusu baada ya sikukuu.
Idi pili nilipita nje ya ukuta, sikuingia.
*Tap*, paa! *Tap*, paa!
Na kelele za watoto, na sauti ya Mselem
akiapa thamosi ile si zawadi, ni pambo.

Ile nusu sijaiona.
Rajabu imepita tena, mkeka haujaja,
nasikia kuna fundi mpya Majengo, mwenye mkono mwepesi.
Springi moja ya akiba imo kwenye mtoto wa meza, ndani ya soksi.
Hakuna aliyeikunja.
Imelala kwa urefu wake.