Yah: Maelezo ya Kushuka kwa Ufaulu

Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Barua yako niliipokea Jumanne, mapumziko ya saa nne,
mkono wa kulia choki, wa kushoto kikombe cha uji.
Umeuliza kwa nini Hisabati, Darasa la Saba,
tumetoka nafasi ya arobaini na moja
hadi ya sitini na nane katika moko ya wilaya.
Umeniachia mistari mitatu ya vitone.
Nimeongeza karatasi.

Ningeweza kuandika uhaba wa madawati.
Ungegonga muhuri, ukafunga jalada.
Ningeweza kuandika ndege:
hapa Vingunguti hushuka magurudumu yakining'inia juu ya bati letu,
na kila ipitapo moja nakwama katikati ya sehemu,
kiasi juu, asili chini, kidole ubaoni,
watoto mia moja ishirini na sita
wakingoja nirudishiwe sauti.
Nimepiga hesabu: dakika kumi na moja kwa siku.
Lakini ndege zilikuwepo pia
tulipokuwa wa arobaini na moja.

Kwa hiyo niruhusu nimtaje Sikudhani Pazi.

Anakaa dawati la nne, kwenye dirisha
linalopokea harufu ya machinjio.
Mgawanyo mrefu ulimchukua muhula mzima.
Alikuwa akigawanya kama mtu anayepakua pilau ya shughuli:
anaogopa kumpunja mtu, anarudi, anahesabu vichwa upya.
Mwezi Juni akaacha kurudi.
Nikajua ameelewa.

Katika moko amepata kumi na tatu kati ya arobaini.

Nililala na ile kumi na tatu.
Asubuhi nikamwomba karatasi yake ya maswali.
Alishaifanya jalada la daftari la Maarifa ya Jamii;
nikaibandua kwa wembe, taratibu,
nikasahihisha herufi alizozizungushia
kwa kalamu ya kijani. Nyekundu sikuitaka.
Thelathini na moja.

Nikaenda ofisini kwako, ulikuwa kikaoni,
karani akanionyesha fomu yake ya majibu.
Hapo nikaona.
Swali la tisa, la tangi na mabomba mawili,
lilimshinda. Alichora tangi dogo pembeni, akaliacha.
Kisha jibu la kumi akalisiliba mstari wa tisa,
la kumi na moja mstari wa kumi,
akateremka hivyo hivyo, penseli imechongwa vizuri,
kila duara limejaa, hakuna lililovuja ukingo,
kama mtu anayefunga vifungo vya shati
baada ya kukosea tundu moja.
Saba alizipata kwa akili. Sita, kwa bahati ya mashine.
Na chini kabisa, mstari wa arobaini,
mtupu.

Nani alimwambia aruke?
Mimi. Wiki nzima, kila asubuhi, kwa sauti ya mstarini:
swali likikushinda, liruke, songa mbele.
Nilisema swali.
Sikusema mstari.

Sidai kwamba yeye ndiye aliyetushusha.
Wastani ni sufuria kubwa; kijiko kimoja cha chumvi
wilaya haikionji. Wapo waliofeli kweli,
na hao nitawafundisha tena, nikianzia sehemu.
Ila umetaka sababu kwa maandishi,
na hii ndiyo ninayoijua kwa jina.

Tangu Jumatano kipindi cha kwanza tunajifunza kuruka.
Kidole cha kushoto kwenye swali, cha kulia kwenye mstari,
vishuke pamoja
kama watu wawili wanaoteremsha kabati ngazini.
Najua hakimo kwenye muhtasari.

Sikudhani nimemweleza. Nilimlazia karatasi zote mbili,
ile yake na nakala niliyoichora kwa mkono.
Alizitazama. Ndege ikapita, tukaingoja iishe.
Nilidhani atalia.
Akasema: Mwalimu, na lile tangi,
linajaa baada ya saa ngapi?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwl. Tunu Mbonde

Nakala: Jalada.