Sanduku la Lugembe

Saruji hutoa jasho usiku,
hasa huku Kirumba, ziwa likilala mlangoni.
Nimeliinua sanduku juu ya matofali mawili,
matatu upande wa kulia; sakafu imeinama.

Kila Jumamosi ya kwanza nafungua.
Randa. Patasi tano. Msumeno wa meno madogo.
Tupa naiacha kavu: tupa haipakwi mafuta,
aliniambia mwenyewe, dirishani, Butimba,
dakika kumi za kuonana
zikaisha kwa habari za tupa.

Oili chafu hunipa Mabeshi wa gereji,
nusu chupa, haulizi.
Napaka kwa soksi ya kaka,
naviringisha kwa khanga iliyotoboka,
naweka kopo la mkaa pembeni, ule unyevu
kabla unyevu haujala chuma.

Mama Kalekwa alikuja na mnunuzi.
"Miaka minne, mwanangu. Vyuma vyote hivyo
vinakula nini humo ndani?"
Vinanila mimi, nilitaka kusema.
Nikampa patasi aishike.
Akaliona jino lake la dhahabu linang'aa bapani,
akafunga mdomo.

Masika haya niliugua, nikaruka mwezi.
Mmoja tu.
Kwenye koleo ukachomoza upele mwekundu,
mdogo, kama wa mtoto mchanga.
Nikausugua kwa jivu na ndimu,
nikasugua, nikasugua,
hadi kidole kikachanika.
Damu ikadondoka juu ya chuma.
Nikaifuta mbio, kabla hata ya kujifunga kidonda:
ina chumvi.