Namba Mkononi

Daktari Nkya alipohamishwa Bombo kwenda Songea
aliniachia vitu viwili: mbwa na bahasha.
Mbwa mweupe, uzito wake kilo tatu za sukari,
nikamwita Kashata.
Bahasha nikaitia chini ya godoro, pamoja na hati ya kiwanja.

Siku ya mvua nikaifungua.
Kumbe Kashata si Kashata:
ni Lulu ya Meru wa Tatu, binti wa fulani bin fulani,
baba, babu, baba wa babu,
majina kumi na manne yamepandana kama ngazi
na muhuri mwekundu chini.
Nilimsomea kwa sauti. Akapiga miayo.

Bwana Furtado, fundi saa, ndiye aliyesema:
"Huyu ni wa kushindanishwa. Mwezi wa tisa, Raskazone."
Nikacheka. Mimi msusi wa Barabara ya Kumi na Mbili,
shindano ninalolijua ni vichwa sita mkesha wa Idi.
"Nywele unaziweza," akasema. "Kusimama je?"

Basi tukaanza kusimama.
Juu ya meza, juu ya zulia la mlangoni asiteleze,
miguu minne, mkia mgongoni,
nahesabu: moja, mbili, tatu, amekaa.
Mbwa mwenye adabu hukaa. Nani alimfundisha? Mimi.
Sasa namfundisha kusahau.
Furtado anamshika taya, anafunua ufizi, anahesabu meno,
anampapasa mbavu kama mnunuzi wa kitambaa.
"Mzoeshe mikono ya watu. Jaji habishi hodi."

Na mafuta ya nazi, hapana!
Nilimpaka siku ya kwanza,
akang'aa kama sufuria, akanukia wali.
Maji, sabuni laini, kitana cha chuma, subira.
Fundo huanzia nyuma ya sikio;
ukilipuuza leo, kesho ni mkasi.

Kamba ya dukani ghali. Nikasokota ya katani,
nyembamba, nikaikwangua kwa kisu hadi ikalainika,
na jioni tukazunguka ua, yeye kushotoni kwangu,
kinyume cha mishale ya saa, fundi saa akicheka.
Bi Mwanakombo kizingitini pake, kakunja buibui magotini:
"Jirani, huyo asinikaribie, nina udhu.
Lakini mguu wa nyuma anauburuza. Mwambie."

Raskazone, asubuhi. Mbwa wa kila namna
na viti vya plastiki vya kukodi.
Msichana akanipa karatasi na utepe wa mpira:
"Funga mkono wa kushoto, mama. Ionekane."
Arobaini na moja.

Hapo nikapotea kidogo.
Babu yangu alitoka Buha, kwa miguu, kisha kwa garimoshi,
kuja kukata mkonge, na kambini
hakuna aliyemuuliza, baba yako nani.
Walimpa kipande na namba.
Bibi alimwita Mia Mbili na Sita,
kwa utani, kwa hasira, hata siku ya kumzika.
Jina la baba yake silijui. Nimeuliza; waliojua wamekwisha.
Na huku chini, mwisho wa kamba ya mkonge uleule,
kiumbe wa kilo tatu
ana baba wa babu yake kwa jina na kwa rangi.

"Arobaini na moja!"
Kashata ndiye aliyenivuta.
Alikwenda vizuri hadi kona ya pili,
akaona kunguru,
akakaa.
Kwa adabu zote, mbele ya jaji, mkia unafagia nyasi.
Jaji, mama wa makamo, akainama, akatazama meno,
akaigusa kamba. "Umeisokota mwenyewe?"
Nikaitikia kwa kichwa; sauti ilikuwa mbali.

Usiku nikaigeuza karatasi ya cheti,
na upande mtupu nikaandika kwa penseli ya wanja:
Mimi, Yustasia. Baba, Filemoni.
Babu, Ntahondi, aliyeitwa Mia Mbili na Sita.
Juu yake nikachora mstari, nikauacha wazi.

Bi Mwanakombo akapiga kelele kupitia ukutani:
"Ameshinda?"
"Wa nne!"
"Kati ya wangapi?"
Nikawasha redio.