Siku ya Ishirini na Moja

Nilikuja mara ya nne, Mama Kabwiguta, na mtungi wangu wa baridi
unaofuka kama kinywa cha mtu wa Kabale alfajiri,
glavu ya kufika begani, daftari, kalamu ya kuazima.
Bihogo alikuwa vilevile.
Siku ya ishirini na moja, na yeye jiwe:
hapandi wenzake, hapandwi, halii,
ute hakuna.

Hukunitazama mimi. Ulitazama juu.
Nyaya sita, kilima hadi kilima, juu ya Rubaare yote,
zikinguruma kama nyuki waliokatazwa kuondoka;
umande ukishuka, zinachachatika kama mafuta kikaangoni.
"Tangu hizo," ulisema,
na kidevu chako kikamalizia.

Walikulipa migomba kumi na miwili na mparachichi mmoja.
Uliweka dole gumba.
Fomu haikuwa na mstari wa usingizi,
wala wa ng'ombe aliyesahau kuwa ni jike.

Mimi nilisomea mifugo miaka miwili tu.
Najua iko homoni inayoamka giza likiingia
na kuuambia mwili: lala, ni usiku;
iko inayoshika mimba kama kiganja kinavyoshika yai;
iko inayoshusha maziwa ndama akigusa chuchu.
Matone hayo. Ya zizi zima hayajazi kijiko.
Je, waya wa juu una maneno na tone?
Niliuliza darasani. Mwalimu akasema:
wako waliopima wakaona, wako waliopima wasione.
Akafuta ubao.

Basi nikakinga maziwa, chupa saba,
Bihogo, Siina, Gaaju, Mayenje,
na ya wale watatu wa uzao wa kwanza uliowanyima majina
mpaka ndama wao wafikishe mwaka.
Yakapanda boda hadi Mbarara, katikati ya barafu na soda za mtu.
Karatasi ikarudi: watatu chini, wanne sawa.
Sampuli ni chache. Haitoshi kusema.
Nilikutafsiria kwa Kinyankole, polepole,
nikakosa neno la kulilainisha lile "haitoshi".
Ulicheka hadi ukakohoa.
"Hata mimi ningeandika hivyo, tena bila chupa."

Usiku ule Nuwamanya, mjukuu wako,
alileta mrija wa taa uliotupwa shuleni, umekufa, ncha nyeusi.
"Njoo uone, daktari." Mimi si daktari.
Akasimama chini ya nyaya, akauinua kwa mikono miwili,
na mrija ukawaka.
Hafifu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji,
lakini niliona kucha zake, niliona pembe,
ng'ombe wote saba wakitutazama.
Hatua arobaini nyuma yetu
kibatari chako kilikuwa kinamalizia mafuta.

Nilisema tuwahamishe. Ng'ambo ya kijito, kwa shemeji yako Rwabutomize,
aliyetaka maziwa ya jioni yote kama kodi
na akayapata.
Mwezi wa pili ulinipigia simu ukipiga kelele:
Bihogo amempanda Mayenje! Mara tatu! Mbele ya watu!
Nikaja mbio. Nikarudi tena baada ya miezi mitatu,
mkono wote ndani, shavu langu kwenye nyonga yake yenye joto,
nikakigusa: kidogo kama panya, kinaelea.

Sasa unataka niandike kuwa ni nyaya.
Lakini mvua nayo ilinyesha, Mama,
majani kwa Rwabutomize yalifika magotini,
na chumvi ulinunua mpya, ile ya Katwe.
Nimeandika tarehe. Nimeandika: mimba.
Penye "sababu" nikainua kalamu.

Ukaninyang'anya, wewe wa dole gumba,
ukachora mistari sita, ukitoa ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza,
na chini yake, mbali kidogo, nukta.

Ofisini wameniuliza ni nini hiki.
Sijafuta.