Likitokea la Kutokea

Wiki ya kwanza, ghorofani kule Luthuli,
msimamizi alitufunza: neno kufa halisemwi.
Sema likitokea la kutokea.
Sema siku ile. Sema safari.
Nikashuka na fomu thelathini begini,
soli ya kiatu cha kulia ikipiga makofi.

Burma, muuza nyama alinionyesha njia kwa kisu.
Mama wa vitenge akatema mate pembeni: ushindwe!
Kijana wa simu akauliza kama mimi mwenyewe ninayo bima.
Nikacheka. Sikuwa nayo.

Kariokor, Mzee Kisilu hakuinua kichwa.
"Vua," akasema.
Nikadhani ananifukuza kwa namna mpya,
kumbe amekiona kiatu.
Akauchora mguu wangu juu ya gazeti kuukuu
huku nikimweleza hema, viti mia, jeneza,
gari mpaka Mwingi, na sukari ya chai ya matanga.
"Yaani nikifa."
"Likitokea la kutokea, mzee."
"Nikifa," akarudia, uzi umebanwa menoni.
"Sitaki watu wachangishwe mia mia kwenye simu,
wakijitoa kikundini mmoja mmoja usiku."
Akatia sahihi kwa kalamu ya kuchorea ngozi.
Shilingi thelathini kwa siku.

Ndala nilizichukua kwa deni,
nitalipa kamisheni ikiingia.

Iliingia. Nikalipa kodi.
Ikaingia nyingine. Nikajaza gesi.
Mwaka wa tatu akanipigia:
"Binti, nimelipa miaka mitatu na sijafa.
Nirudishieni hata nusu."
Tukacheka; mimi nikacheka zaidi,
nikiomba asizitaje ndala.

Kisha Alhamisi moja, mkewe, Syombua.
"Kisilu ame..."
Kimya. Nyuma yake nyundo za majirani zinagonga tu.
Amepumzika. Ametangulia.
Maneno yote ya Luthuli yalikuwa ulimini, yamepangwa.
"Amekufa," nikasema mimi.
"Ee," akajibu, na ndipo akalia.

Siku ya pili pesa zilitoka.
Mwingi nilisimama nyuma kabisa ya viti mia,
vumbi jekundu likijaza mishono yake miguuni mwangu.

Jumatatu nikaenda Kariokor na shilingi mia nane.
Syombua akafungua droo, akatoa gazeti,
akasoma ndani ya mchoro wa mguu,
akanirudishia hamsini.