Kailula ya Fundi

Kanzu ya Bwana Asaa, mkono nimegeuza,
Saa saba, jua kaa, kope nazilazimiza,
Sindano inakataa, uzi wake kuumeza,
Bi Time kaniagiza: "Fundi, nenda ukalale.

"Tanda jamvi ukumbini, mlangoni pa upepo,
Kanga tandika machoni, nuru iachie hapo,
Usipande kitandani, utaamka na popo!
Birika motoni lipo, likichemka, silale."

Muhogo nikala haba, na chuchunge wa kuchoma,
Mwenye kuvimbiwa shiba, hukoroma akihema,
Masikio nikaziba, Wete yote ikahama,
Kailula si kuzama, ni kunawa maji yale.

Faki jirani hucheka, ati mimi mvivu sana,
Yeye huja kuanguka alasiri, si mchana,
Usiku macho hutoka, na boriti huonana,
Nikimuuliza, hana jawabu ila kelele.

Birika kupiga mbinja, nikanyanyuka mwepesi,
Tangawizi kuionja, kichwa chapata nafasi,
Mshono nikauvunja, nikaushona upesi,
Asaa kavaa, basi, hajui habari ile.