Kuomba Moto

Saa nne na robo usiku, Thunder Bay,
nyuzi ishirini na sita chini ya sufuri.
Gari liko juu ya jeki, gurudumu limelala chali
kama kobe aliyepinduliwa,
nami nimepiga magoti juu ya kadibodi ya friji
nikiibembeleza bolti moja.

Tatu zimetoka. Zimelia kidogo, zimetoka.
Hii ya nne imekula chumvi ya barabara majira saba ya baridi,
imeng'ang'ania breki kama kupe kwenye sikio la mbwa.

Mashine yangu ya kufungulia nati ni ya njano, haina waya.
Niliinunua kwa pesa za zamu za ziada hospitalini,
nikaificha wiki nzima kwenye buti la gari
maana Reijo angeuliza: spana ya baba yako imekukosea nini?
Haijanikosea. Bega ndilo lililokosewa.
Spana ya baba ilitaka mwili mzima:
uning'inie, uruke, utukane kwa Kifini.
Hii hutaka kidole kimoja.
Tatatata, na nati inaanguka kiganjani ikiwa ya moto,
kama njugu iliyotoka kikaangoni.

Lakini betri ni kiumbe wa joto.
Siku zote huzilaza jikoni, pembeni ya birika.
Jumapili nilizisahau huku rafuni.
Ya kwanza ilikata roho kwenye bolti ya pili.
Ya pili inanikonyeza kwa taa moja nyekundu:
dada, mimi basi.
Na chaja haipokei betri baridi, inapepesa tu,
kama karani aliyekwisha funga dirisha.
Saa kumi na moja alfajiri naingia kazini.

Niliiweka kifuani, chini ya sweta, kama yai.
Nikahesabu mpaka mia tatu.
Taa moja.

Ng'ambo ya ua, gereji ya Wendell Kowalchuk inawaka.
Hatusemezani tangu mashine yake ya theluji
ilipotapika mlima mzima mlangoni petu
siku ya mazishi ya mama.
Majira manne. Nimejifunza kutomwona,
kama mtu anavyojifunza kutoliona doa la darini.
Ila mlio wa drili yake naujua.
Nyekundu zina sauti nyembamba, za kijani hukohoa kwanza.
Yake ni ya njano.
Na betri huoana ndani ya ukoo:
ya nyekundu haiingii kwenye ya njano
hata ukilia.

Nilivaa glovu. Nikavua. Nikavaa.
Theluji ilifika mapajani, na kati ya nyumba mbili
hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Alifungua mlango, drili mkononi, miwani kwenye paji la uso.
Nyuma yake, kigari cha mjukuu, cha kuserereka thelujini,
kilikuwa hakijamalizika.
Nilikuwa nimeandaa sentensi,
adabu mbele, lawama kidogo nyuma.
Kilichotoka: "Una volti kumi na nane?"

Akaitazama mikono yangu, myeusi kwa grisi.
Akachomoa betri kwenye drili yake, tak,
skrubu ikabaki imesimama, nusu ndani nusu nje.
Haikuwa ya akiba. Ilikuwa ileile.
Ilikuwa na joto.

"Breki?"
"Bolti ya chini."
"Ya chini ndiyo mbaya. Igonge nyundo kwanza.
Usiifungue kwa hasira."
Sikujua anasema nini hasa. Nilisema ahsante, nikaondoka
nikikanyaga nyayo zangu mwenyewe.

Niliigonga nyundo. Mara sita.
Ikalia, ikaachia.

Sasa ni saa saba. Betri tatu zimejipanga pembeni ya birika,
na ile yake nimeifunga uzi wa buluu nisije nikazichanganya.
Sahani ya jirani hairudi tupu.
Nangoja taa ya nne,
na kule ng'ambo, nadhani, skrubu nayo inangoja.